KABLA YA ROBOTI, WAZEE WAPATE NJIA

Katika miaka ya karibuni zimekuwa zikitufikia, kwa picha na kwa maneno, habari za mashine zinazovaliwa mwilini mithili ya mkanda na suruali, ambazo humsaidia mtu mzima aliyedhoofika miguu kusimama, kutembea na kupanda ngazi. Wataalamu wanaziita roboti za kuvaa. Wapo miongoni mwa wasomaji wetu waliozipokea habari hizo kwa furaha, wakauliza ni lini mashine hizo zitafika Unguja na Pemba. Wapo pia waliozicheka na kuziona kuwa ni mchezo wa matajiri. Sisi tunaona kwamba kila upande una sehemu yake ya haki, na kwamba jambo lenyewe linastahili kuzungumzwa kwa utulivu, kwa kuwa linagusa heshima ya wazee wetu na matumizi ya fedha za umma.

Kwanza yafaa tufahamu mashine hizi ni kitu gani. Mtu anapozeeka misuli yake hupungua nguvu, hatua zake hufupika na mwendo wake hupungua kasi. Kifundo cha mguu, ambacho ujanani ndicho kinachomsukuma mtu mbele, hufanya kazi ndogo zaidi, na mzigo wa mwendo huhamia kwenye nyonga. Roboti ya kuvaa huja kusaidia hapo. Hufungwa kiunoni na mapajani, ikawa na mota ndogo kwenye nyonga, betri, kompyuta, na vihisio, yaani vidude vinavyotambua mguu uko wapi na unakwenda upande gani. Mvaaji anapoinua mguu, mota humsaidia kuuinua. Anapoukanyagisha chini, humsaidia kuusukuma. Haitembei badala yake. Humwongezea nguvu iliyopungua, na hurekebisha mwendo wake.

Fikra hii si ngeni. Nchini Marekani, katikati ya miaka ya 1960, kampuni ya General Electric ilianza kutengeneza vazi la chuma lililopewa jina la Hardiman, ili mtu mmoja aweze kuinua mzigo wa karibu kilo 680. Vazi lenyewe lilikuwa na uzito wa kiasi hicho hicho, na kila lilipowashwa kwa ukamilifu lilitikisika vibaya hata hapakuwa na mtu aliyethubutu kuwa ndani yake. Wakati huo huo, mjini Belgrade, wataalamu wa Taasisi ya Mihajlo Pupin wakiongozwa na Miomir Vukobratović walikuwa wakitengeneza vifaa vya kuwasaidia watu waliopooza miguu. Ilichukua miaka mingi ya kazi kabla mashine ya kilo mamia haijageuka kuwa mkanda ambao mtu anaweza kuuvaa akiwa amekaa kitini.

Nchi iliyojulikana zaidi kwa jambo hili ni Japani, nayo ni nchi ya visiwa kama sisi. Profesa Yoshiyuki Sankai wa Chuo Kikuu cha Tsukuba alianzisha kampuni ya Cyberdyne mwaka 2004 ili kuendeleza vazi liitwalo HAL, ambalo hunasa juu ya ngozi zile dalili hafifu za umeme zinazotoka kwenye ubongo kwenda kwenye misuli, likajua mvaaji anakusudia kufanya nini. Mwezi Novemba 2015 serikali ya Japani iliidhinisha vazi hilo litumike hospitalini kuwatibu watu wenye maradhi fulani ya mishipa ya fahamu na misuli. Mwezi huo huo kampuni ya Honda, iliyokuwa imeanza utafiti wake tangu mwaka 1999, ilianza kukodisha kwa hospitali na vituo vya mazoezi kifaa chake cha kusaidia kutembea, chenye uzito wa kilo 2.7 tu. Wengine wametengeneza fulana za mgongo zinazotumia nguvu ya hewa iliyoshindiliwa, bila ya mota wala betri, ambazo huvaliwa na wauguzi wanaonyanyua wazee na hata na wakulima wenye umri mkubwa.

Tunazitaja habari hizi kwa heshima. Japani ina sababu ya kuhangaika, kwani mwaka 2023 watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi walifikia asilimia 29 ya wananchi wake wote, na kwa mara ya kwanza mtu mmoja katika kila kumi alikuwa ametimiza miaka 80 au zaidi. Vijana wa kuwauguza hawatoshi. Hapana wa kuwalaumu Wajapani kwa kuitafuta mashine.

Lakini lipo jambo moja ambalo picha za roboti hazilionyeshi, nalo ndilo tunalotaka viongozi wetu walizingatie. Japani haikuanza na roboti. Mwaka 2000, miaka 15 kabla ya idhini tuliyoitaja, nchi hiyo ilianzisha bima ya matunzo ya wazee. Kwa bima hiyo mzee aliyethibitishwa kuwa anahitaji msaada hukodishiwa fremu ya kutembelea, fimbo maalumu, kiti cha magurudumu, vishikio vya ukutani na vibao vya mteremko, naye huchangia sehemu ndogo ya gharama. Mwanzoni ilikuwa asilimia 10. Bima hiyo hiyo hugharamia marekebisho ya nyumba yake, kwa kiwango kisichozidi yeni 200,000: kizingiti huondolewa, kishikio hutiwa chooni, sakafu inayoteleza hubadilishwa. Kwa maneno mengine, nchi iliyo mbele katika ufundi wa roboti ilikwisha kuhakikisha mapema kwamba mzee ana cha kushika anapotoka kitandani kwenda maliwatoni. Roboti ilikuja juu ya msingi uliokwisha kujengwa.

Hata huko, mambo hayakuwa yote mepesi. Mtafiti James Wright, aliyekaa katika nyumba moja ya wazee nchini Japani na kutazama roboti za namna mbalimbali zikijaribiwa, ameeleza katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2023 jinsi mashine ya kuwanyanyua wazee ilivyoachwa upesi na wafanyakazi. Kuisukuma, kuitayarisha na kuirudisha mahali pake kuliwachukulia wakati ambao wangeutumia pamoja na mzee mwenyewe, na wengine waliona kwamba kumnyanyua mtu kwa chuma kunapunguza hisani iliyomo katika kumnyanyua kwa mikono. Haya hayakutendeka katika nchi inayokosa umeme au mafundi. Yalitendeka Japani.

Tutazame pia gharama. Nchini Marekani lipo vazi liitwalo ReWalk, lililoidhinishwa mwaka 2014 kwa matumizi ya nyumbani, kwa ajili ya watu walioumia uti wa mgongo. Mwaka 2024 bima ya serikali ya nchi hiyo ilipanga kulilipia zaidi ya dola 91,000 kwa moja. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 200 za Tanzania. Kwa kiwango ambacho Pensheni Jamii ya Zanzibar ilianza nacho, fedha hizo zingewalipa wazee zaidi ya 800 kwa mwaka mzima. Na pamoja na bei hiyo, mvaaji wa vazi hilo hana budi kushika magongo mawili, na sharti la idhini ni kwamba karibu naye awepo mtu aliyefunzwa. Mashine ya mamilioni bado inahitaji gongo na binadamu. Tunawaomba wasomaji wetu wayaweke moyoni maneno haya.

Sasa tugeukie kwetu. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar haikuwasahau wazee, na sisi tunaipongeza. Nyumba za Sebleni na Welezo zimekuwa zikiwahifadhi wazee wasio na wa kuwatunza tangu miaka mingi. Mwezi Aprili 2016 ilianza Pensheni Jamii kwa kila mzee mkaazi aliyetimiza miaka 70, bila ya kuulizwa alifanya kazi gani katika ujana wake, nayo ililipwa kutoka katika mfuko wa Serikali yenyewe. Kiwango kilianza kuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na kimeongezwa tangu wakati huo. Mwaka 2020 ikatungwa sheria maalumu ya masuala ya wazee. Hizi ni hatua ambazo nchi nyingi zenye mali kuliko sisi hazijazifikia.

Hata hivyo, pensheni ni fedha, na fedha zina kazi ikiwa mwenyewe anaweza kutoka nyumbani. Mzee wa Tumbatu anayevuka kwa mashua kwenda Mkokotoni hukutana na maji ya magoti kabla hajakutana na daktari. Bibi wa shamba mwenye maumivu ya nyonga huhesabu ngazi za daladala, na utingo humharakisha. Katika Mji Mkongwe nyumba nyingi zina ngazi za mawe zilizosimama wima, nyembamba na zisizo na cha kushika, na wapo wazee ambao dunia yao imekwisha kuwa chumba kimoja cha ghorofani na dirisha lake. Misikiti yetu ina vizingiti virefu na mahali pa kutawadhia panapoteleza. Ofisi za umma nazo mara nyingi huwa na huduma ya wazee juu na nafasi ya kuegesha magari chini.

Katika hali hiyo tuulizane: roboti ya kuvaa itafanya nini? Itamsaidia mzee kuinua mguu, lakini kizingiti kitakuwa palepale. Itampa nguvu ya nyonga, lakini mashua haitasogea karibu na ufukwe. Maji ya chumvi, mchanga, joto na unyevu wa masika ni adui wa mota na betri, na fundi wa kuifungua mashine hiyo hajapatikana hapa. Tena ipo mila yetu. Mikanda hii hufungwa juu ya kiuno na mapaja. Je, waliosanifu walimfikiria mwanamke aliyevaa kanga na buibui? Walimfikiria mzee anayetaka kurukuu na kusujudu mara tano kwa siku, kisha akae chini kwa attahiyatu? Hayo ndiyo matembezi na maungo ambayo wazee wetu huyalilia yanapowaondoka. Mashine isiyoyajua hayo itavuliwa siku ya pili na kutundikwa msumarini.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya ni ya kuturudisha nyuma, na kwamba kila mara mwananchi wa nchi maskini huambiwa asubiri, apewe fimbo huku wenzake wakipewa ufundi wa kisasa. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Nasi hatusemi kwamba mzee wa Makunduchi au wa Micheweni hastahili kile anachostahili mzee wa Tokyo. Anastahili. Tunachokisema ni kwamba mzee wa Tokyo alipata kwanza kishikio cha chooni, mtaalamu wa mazoezi na fremu ya kutembelea, kisha ndipo akaletewa roboti. Kumpa mzee wetu kile cha mwisho bila ya vile vya mwanzo si kumlinganisha na mwenzake. Ni kumpa picha ya maendeleo.

Wala hatusemi kwa kubahatisha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa taarifa yao kuhusu vifaa vya kuwasaidia wenye upungufu wa viungo na wazee. Walieleza kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja, kuanzia miwani mpaka kiti cha magurudumu, na kwamba karibu bilioni moja hawavipati. Katika baadhi ya nchi maskini wanaopata ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji. Na juu ya misaada ya mashine, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, ambao ulikusanya hesabu za vifaa vya hospitali katika nchi kadhaa zenye uhaba, ulionyesha kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa hivyo vilikuwa havifanyi kazi. Sababu kubwa zilikuwa ukosefu wa mafunzo, ukosefu wa mpango wa matengenezo na udhaifu wa umeme na maji. Roboti ya kuvaa, yenye vihisio na programu zake, haitakuwa na bahati njema kuliko mashine ya kufulia ya hospitali.

Kwa hiyo tunatoa nasaha zetu kwa wenye dhamana, na tunazitoa kwa unyenyekevu lakini kwa uwazi.

Kwanza, iwekwe katika bajeti sehemu inayojulikana kwa jina lake, ya fimbo, magongo, fremu za kutembelea na viti vya magurudumu, na vifaa hivyo vipatikane katika kila hospitali ya wilaya kwa njia ya kuazima na kurudisha. Fimbo isiyokuwa na kimo cha mtumiaji humwangusha badala ya kumsaidia. Basi awepo mtu wa kumpima mzee na kumfundisha.

Pili, wataalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo waongezwe na washushwe mpaka vijijini. Imethibitika mara nyingi kwamba mazoezi ya kuongeza nguvu za miguu na ya kujizuia kuyumba hupunguza kuanguka kwa wazee, nayo hayataki umeme wala kipuri. Dakika 30 barazani, mara tatu kwa wiki, chini ya mtu anayejua kazi yake, zitawafikia wengi kuliko mashine yoyote.

Tatu, kila jengo la umma linalojengwa au kukarabatiwa liwe na njia ya mteremko na vishikio, na asiruhusiwe mkandarasi kulikabidhi bila ya hayo. Madiko na gati ndogo za visiwa vyetu zitazamwe kwa jicho hilo hilo. Katika Mji Mkongwe, ambao ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, vishikio vya ngazi vinaweza kutiwa kwa namna isiyoharibu sura ya majumba. Mafundi wetu wa mbao na chuma wanaiweza kazi hiyo.

Nne, tuandae watu. Mjini Moshi kiko Chuo cha TATCOT, ambacho tangu mwaka 1981 kimekuwa kikiwafunza vijana kutoka nchi nyingi za Afrika ufundi wa viungo vya bandia na vifaa vya kutembelea. Tungependa kuona vijana zaidi wa Unguja na Pemba wakipelekwa huko kila mwaka, na vyuo vyetu wenyewe vya ufundi vikishirikiana nao. Siku roboti zitakaposhuka bei, kama simu za mkononi zilivyoshuka, nchi itakayofaidika nazo ni ile yenye fundi wa kuzipokea.

Tano, akitokea mfadhili wa kutuletea roboti za kuvaa, tusimkatalie wala tusimkimbilie. Tumpe masharti: zije chache kwa majaribio, zijaribiwe na wazee wetu wenyewe, wanaume kwa wanawake, katika joto letu na katika nguo zetu, waletwe pamoja nazo mafundi wa kufundisha na vipuri vya miaka kadhaa, na mwisho wa majaribio wazee waulizwe, na jibu lao liandikwe na kutangazwa. Mahali pa kuanzia ni hospitalini, kwa wagonjwa wa kiharusi na wenye maradhi ya misuli, maana huko ndiko faida yake ilikoonekana zaidi. Hafla ya makabidhiano isihesabiwe kuwa ni tiba.

Tunalo neno pia kwa wananchi wenzetu. Isije ikadhaniwa kwamba mzee akipatiwa kifaa, wanawe wamemaliza kazi. Wengi wa wazee wetu hawakuacha kutembea kwa sababu ya miguu peke yake. Waliacha kwa sababu hapakuwa na wa kwenda naye. Kijana anayempeleka babu yake msikitini kwa mkono, mjukuu anayemwandamia bibi yake mpaka kwa jirani, hao wanafanya kazi ambayo kampuni kubwa za dunia zinajitahidi kuiga kwa mota. Na utingo atakayesubiri nusu dakika mtu mzima apate kukaa atakuwa ametoa msaada wa mwendo usiokuwa na gharama.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema msala mpya ni mbaya. Walitukumbusha tu kwamba anayesimama kuswali hawezi kuungojea ule ambao haujafika. Miongo hii ya 2021 hadi 2030 Umoja wa Mataifa umeitangaza kuwa ni muongo wa uzee wenye afya, na sehemu kubwa yake imekwisha kupita. Bajeti ijayo itakapowasilishwa Baraza la Wawakilishi, tutaitazama kwa hamu tuone kama fremu za kutembelea, wataalamu wa mazoezi na njia za mteremko vimo ndani yake, na ni kwa kiasi gani. Roboti tutazipokea kwa mikono miwili siku zikifika. Lakini mzee anayetaka kuvuka kwenda hospitali kesho asubuhi anahitaji gati leo.